Kivuli Kinaingia kwa Mlango Upi

Darasa la nne, Soroti, saa saba mchana.
Mabati yanadata juu yetu kama bisi chunguni,
watoto themanini na mmoja wamelowa jasho,
nami ubaoni nafundisha neno *kivuli*.
Hakuna aliyeandika.
Asekenye wa benchi la nyuma akanyoosha kidole:
"Mwalimu, kivuli kinaingia darasani kwa mlango upi?"

Kesho yake akaja na kopo la mafuta ya kupikia,
kitako kimetobolewa kwa msumari,
ndani mche wa kunde, majani matatu,
na udongo wa nyuma ya jiko la mama yake,
bado una majivu na punje moja ya mtama.
Akaliweka dirishani.
Ruhusa hakuomba.

Mwalimu mkuu, Bwana Opolot, alisimama mlangoni.
"Mbu," alisema. "Matope. Na mkaguzi anakuja Jumatano.
Darasa ni darasa, shamba ni shamba."
Nikaitikia ndiyo bwana, maana mimi ni mgeni hapa,
mtoto wa Bombo, mwalimu wa lugha
ambayo wazee wa mji huu waliijulia
kwenye vizuizi vya barabarani, usiku, kwa kufokewa.

Mkaguzi hakuja Jumatano.
Hakuja muhula mzima.
Yaliyokuja ni makopo:
la rangi, la maziwa ya unga,
sufuria iliyotoboka, buti la mpira la mguu mmoja
lenye mche wa ukwaju uliosimama kama mwanafunzi mpya.
Mkarakara ukashika nyaya za dirisha la magharibi,
ukageukia ukutani, ukaifikia ramani,
ukafunika Kyoga yote kwa jani moja.
Maji tulikuwa nayo yale ya kunawia
baada ya posho na maharage.
Na kila kopo nililibandika jina, herufi kubwa:
KUNDE. UKWAJU. KARAKARA.
Hilo ndilo likawa somo langu.

Mbuzi wa jirani aliila kunde ya kwanza, shina na mizizi.
Asekenye hakulia.
Alilia siku ya pili yake,
katikati ya hesabu za kugawanya.

Desemba tukafunga. Nikarudi Bombo
nikihesabu moyoni vitakavyokufa, na kwa siku ngapi.
Shuleni alibaki Emuron, mlinzi wa usiku,
mtu wa maneno machache na tochi ya betri moja,
zamani mwanajeshi, hasemi wa wapi.
Kiswahili chake chote kilikuwa maneno manne au matano,
na yote hutanguliwa na bunduki.

Februari, nyasi za uwanjani zilikuwa nyeupe.
Nilifungua darasa, nikanusa unyevu.
Chini ya kila jina langu, jina jingine, kwa mkaa:
chini ya KUNDE, *eboo*;
chini ya UKWAJU, *epeduru*;
chini ya KARAKARA, mstari mtupu,
kama mtu aliyefikiri sana akaacha.
Asekenye sasa yuko la tano, ng'ambo ya ua,
lakini alichungulia huku kwanza,
akahesabu, akaenda zake.

Jioni ile nilirudia madaftari niliyosahau.
Saa moja na nusu, giza limekaza.
Ndani, mwanga wa tochi ukitambaa ukutani.
Emuron alikuwa amepiga goti,
jagi la maji kando, uzi wa gunia mdomoni.
Upepo ulikuwa umeuangusha mkarakara sakafuni,
vikonyo vyake vimetapakaa chini ya madawati.
Akauinua kwa viganja viwili,
tawi baada ya tawi, akaufunga kwenye nyaya,
na nilimsikia akiuambia kwa sauti ya chini,
sauti ambayo sikujua maneno hayo yanayo:

"Simama.
Simama hapo. Mikono juu."

Nami nikaondoka bila madaftari.
Mkarakara ulitii,
ila polepole, wiki mbili hivi.